Msimu Hufungwa, Haki Haifungwi



Nakuandikia kutoka Kongwa, nchi ya bara, kavu, mbali na bahari. Pengine wewe uko Unguja, au Lamu, au Tanga, nawe utajiuliza: mtu wa Kongwa ana neno gani la kuniambia juu ya mikahawa ya pwani na wageni wa ng'ambo? Subiri kidogo. Neno hili silo nililolifuata. Ndilo lililonifuata mimi huku huku nilipo.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Aprili, nilikuwa njia panda ya Mbande nikingoja gari la kuingia Kongwa mjini. Likasimama basi litokalo Dar es Salaam, akashuka kijana wa jirani zetu, ana begi moja na uso umemshuka. Kijana huyu nilimsomesha chuoni alipokuwa mdogo. Alikuwa amekwenda Unguja, pwani ya mashariki, akafanya kazi jikoni katika mkahawa wa watalii. Nikamwuliza, "Kulikoni, mbona mapema?" Akanijibu, "Mwalimu, wamefunga. Masika imeingia, wageni hakuna. Tajiri ametwambia twende makwetu, atatupigia simu." Nikamwuliza, "Na mshahara wako?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Wa Februari na wa Machi amesema tutaupata akifungua."

Sasa nataka ulielewe jambo moja ambalo mtu wa pwani huenda asilijue. Huku kwetu mvua ni moja kwa mwaka. Hupandwa Desemba, au Januari ikichelewa. Na ifikapo Aprili mtama na mahindi yamekwisha simama, na mvua inaaga. Mtu arudiye Aprili hana tena la kupanda. Hivyo kijana yule alikuwa amekosa misimu miwili kwa mpigo mmoja: msimu wa pwani umemfukuza, na msimu wa kwao umekwisha mpita. Mama yake alikuwa amelima peke yake kipande alichokiweza, akitumaini kuwa pungufu litafidiwa na fedha za Unguja.

Usiku ule mama yule alinijia akaniuliza swali moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Mwalimu, mtu akifunga duka lake, na deni lake nalo hufungwa?"

Kila mji una masika yake

Kwanza tuwe waadilifu kwa mwenye mkahawa, kwani si kila afungaye mlango ni dhalimu. Riziki ya duniani, kwa watu wengi, ni ya misimu. Unguja wageni huja kwa wingi wakati wa kaskazi, Desemba hata Machi. Kisha hunyesha masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na wengi wenye mahoteli na mikahawa hufunga, wakapaka chokaa, wakaezeka makuti mapya, wakangoja Juni na pepo za kusi. Hili wenyeji walijua tangu zamani za majahazi, ila wakati ule mgeni alikuja na tende na halua, na leo huja kwa ndege.

Tena iko misiba isiyo na kalenda. Lamu iliupata mwaka 2011, watu walipotekwa nyara katika visiwa vile na wageni wakakatazwa na serikali zao kwenda. Zanzibar iliupata mwaka 2020. Mwaka wa kabla yake, 2019, walikuja wageni zaidi ya 500,000. Likaingia gonjwa la korona, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa mwezi wa Aprili, zikaruhusiwa tena mwezi wa Mei. Na mwaka ulipokwisha, wageni waliofika walikuwa kama nusu tu ya wale wa mwaka uliotangulia. Ni nani awezaye kumlaumu mtu aliyefunga mkahawa mwaka ule? Meza zipo, wapishi wapo, mlaji hayupo.

Wala usidhani haya ni ya pwani peke yake. Hapa wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, liko soko la nafaka la Kibaigwa. Baada ya mavuno malori hupanga mstari, na kila penye lori pana mama lishe na sufuria zake: ugali, wali, maharage, chai ya asubuhi. Mvua inyeshapo, maghala yakawa matupu na watu wakenda mashambani, vibanda vile hufungwa kimoja baada ya kimoja. Masika ya Unguja huondoa watalii. Mvua ya Kongwa huondoa wachuuzi. Jambo ni moja.

Na Makka je? Mji ule haukuwa na mashamba. Qur'ani inawakumbusha Makureshi misafara yao miwili, wa kipupwe na wa kiangazi, na wanaambiwa wamwabudu Mola aliyewalisha wasife njaa. Na mwaka wa 9 Hijriya, washirikina walipokatazwa kuukaribia Msikiti Mtukufu, wako watu waliohofu ufukara, maana wale waliokuwa wakija kuhiji walikuwa pia wakija na biashara. Mwenyezi Mungu akawaahidi kuwa atawatosheleza kwa fadhila zake. Basi hofu ya mji ambao wageni wake wamekatika si hofu ya leo wala si aibu. Kitabu kimeitaja na kuijibu.

Kwa hiyo swali letu silo kama mtu anaweza kufunga. Anaweza. Swali ni hili: hasara ya msimu mbaya ni ya nani?

Daftari lililoandikwa na lisiloandikwa

Sisi watu wa Kongwa tuna somo kubwa juu ya kufungua na kufunga. Mwaka 1947 walikuja Waingereza na mradi wa karanga. Dunia ilikuwa imetoka vitani, Uingereza haina mafuta ya kutosha ya kupikia, ikafikiriwa kuwa bara hili litageuzwa shamba moja kubwa. Walipanga kulima eka zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na Kongwa ndipo pa kuanzia. Yakaja matingatinga, wakaja watu wa kazi kwa maelfu, reli ya tawi ikavutwa kutoka Msagali. Nawe wajua, penye mshahara hapakosi chai: kila aliyeweza kuwasha moto na kukaanga andazi alipata mteja.

Lakini udongo wa Kongwa ni mgumu. Kiangazi kikiingia hukauka ukawa kama tofali, karanga zisichimbike. Na mvua nazo zikawa chache. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuwa mradi umekwisha. Fedha zilizopotea zilikuwa karibu pauni 36,000,000, zikaandikwa katika daftari la hasara, na waliokaa ofisini wakarudi makwao.

Ndugu msomaji, zingatia hapa. Hasara ya tajiri ina mwandishi wake: huandikwa, huhesabiwa, husomwa bungeni. Hasara ya yule aliyekuwa akikaanga maandazi ya wafanyakazi, na ya yule aliyeacha jembe lake akafuata mshahara, haina daftari. Haikusomwa na mtu. Na hivi ndivyo ilivyo katika mkahawa mdogo kama ilivyokuwa katika mradi mkubwa: afungapo tajiri huhesabu meza, viti na friji, akafunga kwa kufuli. Mtumishi hahesabiwi. Yeye huambiwa tu, "Nenda, tutakuita."

Faida huenda na dhamana

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni moja, nayo ni fupi: anayepata faida ya kitu ndiye abebaye hasara yake. Hii ni akili safi, hata mtoto wa chuo ataifahamu. Mwezi wa Januari mkahawa ukijaa, na meza zikageuzwa mara tatu kwa usiku mmoja, je, mtumishi huongezewa mara tatu? La. Yeye hupata ule ule mshahara waliopatana. Ziada yote ni ya tajiri, na ni halali yake, kwa kuwa mali ni yake na hatari ni yake. Vyema. Lakini Aprili ikiingia, mbona hatari huwa ya mtumishi? Mtu hawezi kusema, "Faida yangu mimi, hasara yetu sote," wala, "Hasara yenu ninyi kwanza."

Pengine utanijibu: "Bwana we, mkataba ulikuwa wa msimu. Msimu umekwisha, mkataba umekwisha. Hakuna kazi, hakuna ujira." Nami nitakwambia: kama kweli mlipatana hivyo tangu mwanzo, akajua siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na ukamlipa yote ya siku alizokaa kwako, huna lawama ya sheria. Lakini tuangalie mambo mawili.

La kwanza, wanafiqhi wametofautisha mtumishi wa kazi maalumu na mtumishi wa muda. Fundi uliyempa mlango autengeneze, humlipa kwa mlango. Ama uliyemwajiri kwa mwezi, yeye amekuuzia wakati wake. Akiwapo tayari kazini, anastahiki ujira wake hata kama kazi haikupatikana. Kijana anayesimama mlangoni pa mkahawa kutwa nzima, ameshika orodha ya vyakula, na mgeni hapiti, huyo si mvivu. Ameshatoa alichouza. Huwezi kumwambia, "Leo hukuuza, basi leo hukufanya kazi."

La pili, ni taarifa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inataka mwajiriwa wa mwezi apewe taarifa isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa. Na Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Lakini sisi tusingoje sheria itufundishe adabu. Masika haiji kwa ghafla kama moto. Kila mtu aijua tangu alipozaliwa. Tajiri ajuaye Januari kuwa atafunga Aprili, akanyamaza ili wapishi wake wasimkimbie katikati ya wageni, huyo amewaficha jambo wanalolihitaji. Angalimwambia kijana wetu Novemba kuwa kazi ni hadi Machi tu, pengine angalirudi Desemba kupanda, au angaliweka akiba. Aliibiwa mshahara wa miezi miwili, na pamoja nao aliibiwa uchaguzi.

Asiyeweza na asiyetaka

Sasa turudi kwa lile deni. Hapa hatuna budi kupambanua baina ya watu wawili.

Yuko tajiri aliyepatwa kweli, kama wengi walivyopatwa mwaka 2020: mikopo ya benki juu, kodi ya nyumba juu, na sanduku tupu. Huyu ni mdaiwa mwenye dhiki, na Qur'ani imetuamrisha tumpe muhula mpaka afarijike. Ni wajibu wake kukaa na watumishi wake, kuwaonyesha hesabu, kukiri deni kwa maandishi na mashahidi, na kugawana nao kilichopo hata kama ni mchele wa ghalani.

Na yuko tajiri mwingine, ambaye Mtume (S.A.W.) ametwambia kuwa kuchelewesha kwake ni dhuluma: yule aliye nacho, akaahirisha. Mshahara wa Februari na Machi si mshahara wa masika! Februari na Machi ni miezi ya wageni. Fedha ziliingia, chakula kililiwa, sahani zilioshwa na mikono ile ile. Kusema nitakulipa nikifungua ni kumkopa masikini bila idhini yake ili umlipe fundi wa makuti. Na tumeamrishwa tumlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wala hatukuambiwa tungoje mpaka mvua iliyomnyeshea njiani ikauke. Tena imepokewa kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Kumbuka pia kisa cha wale watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, waliopokewa habari zao na Bukhari na Muslim. Kila mmoja aliomba kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa ameajiri watu. Mmoja katika watu hao akaondoka bila ya kuchukua ujira wake, nao ulikuwa kipimo cha nafaka tu. Mwajiri hakukila. Alikipanda, kikazaa, akanunua ng'ombe, wakawa kundi na mchungaji wake. Baada ya muda mrefu yule mtu akarudi kudai haki yake, akaonyeshwa ng'ombe wote, akadhani anafanyiwa mzaha. Akaambiwa: ni wako, chukua. Jiwe likasogea.

Mtu yule wa pangoni angaliweza kurudisha kipimo kile kile cha nafaka, na hakuna kadhi ambaye angalimlaumu. Lakini aliona kuwa fedha ya mtumishi iliyokaa mkononi mwake ilikuwa ikifanya kazi, na kazi ile ilikuwa ya mwenyewe. Sasa pima: huyu aliifanya fedha ya mtumishi imzalie mtumishi, na sisi tunaifanya ituezekee paa letu.

Yule mama wa Kibaigwa

Huenda ukasema haya ni ya watu wa zamani. Basi nikupe la juzi. Pale Kibaigwa namjua mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Hana shahada ya biashara, wala mali yake haijazi chumba kimoja. Ana msichana mmoja wa kumsaidia. Miezi ya malori, kila jioni baada ya kupiga hesabu, hutoa kiasi kidogo akakitia katika kopo lenye tundu juu, na kopo lile haligusi. Siku ya kufunga, mvua zikiwa zimeanza, hulivunja kopo mbele ya msichana. Kwanza humlipa siku zake zote, kisha humpa fungu katika ile akiba na debe la mahindi, akamwambia, "Ukimaliza kulima, njoo tuanze." Nilimwuliza kwa nini hufanya hivyo. Akanishangaa: "Sasa mwalimu, malori yakirudi nitapika na nani?"

Sikiliza jibu hilo. Hakujidai wema, kwake ni hesabu tu. Amefahamu lile ambalo Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri, kuwa miaka saba ya neema si ya kuliwa yote, kwa kuwa nyuma yake iko saba ya njaa. Lakini aliongeza jambo: akiba ile si ya mwenye ghala peke yake. Waliovuna pamoja hungoja pamoja.

Wajibu wetu sisi

Basi tusimalize kwa kumlaumu tajiri peke yake, kwani kumlaumu tajiri ni rahisi, hasa kwa mtu asiye na mkahawa.

Wewe mwenye mkahawa: sema mapema siku ya kufunga. Lipa kwanza, kisha ndipo utie kufuli. Tenga katika miezi ya neema fungu la miezi ya dhiki, na fungu hilo lihesabu na vichwa vya watumishi. Ukifungua, waite wale wale kabla ya wageni.

Wewe mtumishi: kila masika na mbu wake, nawe waijua. Usile mshahara wa Januari kana kwamba Aprili haiji. Na kama umedhulumiwa, dai kwa njia ya haki, wala usijilipe kwa kuiba kijiko na sukari. Dhuluma haioshwi kwa dhuluma.

Na wewe msomaji usiye tajiri wala mtumishi, uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo wa makala haya ukisema kweli kabisa: je, huna jina katika daftari la mtu? Huna chai za mwezi mzima ulizokunywa kwa mama ntilie wa mtaani kwenu ukasema, "Andika"? Wageni wapunguapo, huyo ndiye anayebaki kuwalisha watu wa mji, na huyo ndiye anayefunga kibanda chake si kwa kukosa walaji bali kwa kukosa walipaji. Kila anayeandikwa hujiona ni mdogo, deni lake si kitu. Lakini madeni madogo thelathini ndiyo gunia la mchele ambalo hakuweza kulinunua, na mlango wake ukifungwa kwa sababu hiyo, sisi ndio tulioufunga. Dawa ya deni ni kulipa. Na wakati wa kulipa ni sasa, kabla hajaona haya kukudai.

Utapenda kujua mwisho wa kijana wetu. Aprili na Mei alikaa, Juni akapata kibarua cha kupakia magunia Kibaigwa. Simu ya Unguja ikaja: rudi, tunafungua. Akaja kunitaka shauri. Sikumwambia nenda, wala sikumwambia kaa. Nilimwambia aulize kwanza habari ya ile miezi miwili. Akauliza. Upande wa pili, akanambia, kulikuwa na kimya, kisha simu ikakatika. Alingoja siku tatu, haikulia tena. Akarudi kwenye magunia.

Mkahawa ule, bila shaka, ulifunguliwa. Wageni wakakaa wakala samaki, wakatazama bahari, na hakuna aliyejua kuwa mlo ule una mshirika aliye Kongwa ambaye bado hajalipwa. Mama yake swali lake nilimjibu kwa neno moja: hapana, deni halifungwi. Likikosa kufunguliwa huku, litafunguliwa kule ambako hakuna msimu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza ahadi na kulipa haki za watu kabla ya kuulizwa. Amin.